Mjadala: Bernese au Newfoundland kwa nyumba yenye watoto?

Mleta mada (Toronto): Wakuu, nyumbani tumegawanyika. Watoto wanataka mbwa mkubwa mpole, na baada ya mabishano marefu yamebaki majina mawili: Bernese, yule wa rangi tatu kutoka Uswisi, na Newfoundland wa huku huku Kanada. Kwa upole sioni cha kubishania. Bernese alivuta vigari vya maziwa na kulinda mashamba ya Bern. Newfoundland alifanya kazi na wavuvi, ndiyo maana ana ngozi katikati ya vidole na manyoya yasiyopitisha maji kirahisi. Mimi nasimama na Newfoundland kwa sababu moja tu, umri. Bernese wengi hufa wakiwa na miaka saba au nane, na saratani ndiyo inayowamaliza wengi wao. Newfoundland naye hazeeki sana, ila wengi hufika nane hadi kumi. Binti yangu ana miaka sita. Pigeni hesabu wenyewe.

Mama Watatu: Kaka, hesabu yako ni tamu kwenye karatasi. Newfoundland dume anafika kilo 65 hadi 70, Bernese dume ni kama 40 hadi 50. Februari barafu imetanda njiani, mbwa kaona kindi, nani anashika kamba? Mimi nina Bernese na namudu peke yangu. Halafu usiongelee saratani ukanyamazia moyo: Newfoundland wanajulikana kwa kuzaliwa na njia nyembamba chini ya vali ya mshipa mkuu wa damu. Nyonga mbovu wanazo wote wawili. Na udenda! Newfoundland akitikisa kichwa unafuta ukuta.

Mpemba wa Ottawa: Hapo kwenye udenda ndipo penyewe. Sisi tuliolelewa kwa Imamu Shafi tunajua mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenzetu wa Kimaliki wanamwona mbwa ni tohara, sibishani nao. Kwangu mimi, nyumba ya kusalia na Newfoundland wa sebuleni haviendi pamoja. Mtaniambia mbwa wa ulinzi ana ruhusa. Sawa, lakini hao wawili wanalinda nini? Mwizi atapewa mkono.

Mama Watatu: 😂 Wangu anabweka, shehe. Akishabweka anaenda kulala.

Mchokozi: Mnachagua rangi ya jeneza. Swali ni kwa nini tunalipa dola maelfu ili wazalishwe mbwa tunaojua watakufa mapema. Norwe walilipeleka suala hili mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilizuia kuzalisha bulldog wa Kiingereza na Cavalier King Charles. Rufaa ikamwachia bulldog, ila mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikabaki na zuio la Cavalier. Bernese naye angestahili kupelekwa kule. Chukueni mbwa mtu mzima asiye na kwao, chotara, mwende zenu.

Mleta mada: Mchokozi, chotara mkubwa aliyekwishakua sijui alilelewaje, na nina mtoto mdogo ndani. Hapo siendi. Lakini hoja ya uzalishaji naikubali nusu. Mzalishaji nitamdai vyeti vya nyonga na moyo vya wazazi wote wawili, na nitamuuliza babu na bibi wa mtoto huyo wa mbwa walikufa na umri gani, kwa nini. Akibabaika, naondoka. Mama Watatu, la kamba umenipata. Mke wangu ana kilo 58.

Mama Watatu: Basi mtu wa kuamua ni yeye. Kabla hamjalipa, amtembeze huyo kilo 70 barabarani, wewe ukiwa pembeni bila kugusa kamba.

Mchokozi: Na kateni bima ya mbwa mapema, kabla daktari hajaandika chochote. Ugonjwa ukishaandikwa hawalipi.