Tupeane uzoefu: sabuni yako ya kwanza ya kutengeneza nyumbani ilitokaje?

Mwanzisha mada, Nyegezi
Mwangaluka wadau. Mimi natengeneza sabuni za kuogea nyumbani, siuzi, napenda tu, mwaka wa tatu huu na kila nikikata mche mpya nasikia raha ileile ya siku ya kwanza. Najua tupo wengi hapa Mwanza tunaofanya hii kitu kimyakimya jikoni, hebu tuhadithiane ya kwanza ilitokaje.

Naanza mimi. Nilielekezwa kwa vikombe, kikombe kimoja cha kostiki soda (ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kwa vikombe vinne vya mafuta, nikafanya hivohivo, sabuni ikaganda chapchap ikawa nyeupe nzuri nikafurahi kweli, kesho yake nanawia mikono ikaanza kuwasha mpaka ikawa myekundu. Kostiki ilizidi sana. Nikaitupa yote, nikaenda kununua mizani ndogo ya jikoni, na hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba kila mafuta yanakula kostiki kwa kiwango chake. Gramu 100 za mafuta ya nazi zinakula kama gramu 18, mawese kama 14, alizeti 13 na nusu hivi. Ukishapiga hesabu unapunguza asilimia 5 ya kostiki ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Mche wangu wa siku zote: mawese gramu 400, nazi 300, alizeti 300, kostiki 144, maji 300. Nazi siizidishi hapo maana inatoa povu zuri ila ikiwa nyingi inakausha ngozi. Haya nani anafuata?

Dada wa Kirumba
Asante kwa mada dada. Mimi yangu ni sufuria. Nilikorogea kostiki kwenye sufuria ya alumini ile tunayopikia ugali, ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, mvuke mkali, sufuria ikawa nyeusi, nikawatoa watoto nje mbio. Kostiki inaila alumini na inatoa gesi inayoshika moto, sikujua kabisa. Sasa hivi natumia ndoo ya plastiki nene na mwiko wa plastiki, navaa glavu na miwani, nakorogea uani penye upepo. Na jamani kostiki ndo inamwagwa kwenye maji taratibu, USIMWAGE maji juu ya kostiki, itakurukia usoni. Ikikugusa ngozi ni maji mengi yanayotiririka, robo saa na zaidi, siyo siki.

Mama wa Mwaloni
Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, wanaouza samaki mnajua harufu inavyong'ang'ania mikononi, unapanda daladala watu wanajua umetoka wapi. Binti yangu alinitengenezea sabuni akatia kahawa ya Bukoba iliyosagwa, zile machicha zilizobaki baada ya kuchemsha, akazikausha kwanza juani. Inakwangua vizuri na harufu inaondoka kweli, sio kidogo. Nikajifunza na mimi. Nimegawia wenzangu wote wa meza za jirani, mmoja ananiambia mume wake ndo kaigundua tofauti kabla yake.

Kaka wa Ilemela
Heshima kwako mama. Mimi nilijaribu mafuta ya sangara, yale yanayojitoa yenyewe ukikaanga mapanki (mabaki ya sangara akishatolewa minofu), nikaona ni ya bei rahisi na yapo mengi kwanini nisijaribu. Niliyachuja mara tatu kwa kitambaa. Sabuni ilishika lakini laini, na harufu ya samaki ikarudi baada ya wiki mbili hata baada ya kutia mchaichai. Mafuta ya samaki yanachacha upesi. Niliishia kufulia nguo za kazi, ila nimeridhika nilijua mwenyewe. Sasa hivi nachanganya mawese ya Kigoma na mafuta ya pamba, mche unatoka na rangi ya dhahabu napenda kuuangalia tu.

Mdau wa Ukerewe
Huku kwetu machungwa hayatupi shida, nakausha maganda nasaga natia kijiko kimoja kwa kilo ya mafuta. Tatizo langu lilikuwa lingine, niliweka alizeti karibu nusu ya mafuta yote, baada ya miezi miwili yakatokea madoadoa ya rangi ya chungwa na harufu kama ya karanga za zamani, nikadhani ni maganda kumbe alizeti imechacha ndani ya sabuni. Siku hizi alizeti haivuki theluthi. Na wakati wa masika sabuni zangu zinatoa jasho, vitone vya maji juu yake, wengine mnafanyaje?

Mwanzisha mada, Nyegezi
Ndugu yangu wa Ukerewe, hilo jasho sio ubovu, ni gliserini iliyomo ndani inavuta unyevu wa hewa, na sisi tumezungukwa na ziwa. Mimi nazipanga zisigusane kwenye trei yenye matundu, chumba kinachopitisha upepo, masika nazingojea zikomae wiki 6 badala ya 4 kabla ya kuzitumia.

Dada wa Buhongwa
Naomba niseme kitu kinaniumiza. Kila nikigawa sabuni yangu ya manjano na asali naulizwa inang'arisha? yaani inageuza weupe? Hapana. Nina shangazi yangu ngozi imeharibika usoni kwa mkorogo, anajifunika kitenge akitoka. Vitu vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini na bado watu wanavitafuta. Sabuni yangu inasafisha basi, siitilii chochote cha kugeuza rangi ya mtu na sitafanya hata nikilipwa.

Kuhusu asali, wageni kuweni makini, kijiko kimoja kwa kilo kinatosha. Nilitia nusu kikombe ikapata joto kali ikapanda na kupasuka katikati.

Mama wa Mwaloni
Pole sana kwa shangazi mwanangu. Nitakutumia ya kahawa umpelekee anawie mikono tu, usoni asisuguie.

Mwanzisha mada, Nyegezi
Mdau wa Ukerewe, mwisho wa mwezi napanda meli kuja Nansio kwa mama mkubwa. Niwekee maganda makavu kama kilo moja, nitakuletea mche wa karafuu, umri wake utakuwa wiki 5 kwahiyo uuache wiki moja zaidi kabla hujautumia.