Betri ya ondulere ya Mama Mdogo (kikundi cha familia, Lubumbashi)

Mama Mdogo, Katuba: Habari za jioni, familia. Jana umeme ulipokatika, ondulere ya kompyuta (kile kisanduku chenye betri kinachoipa kompyuta umeme kwa muda mfupi unapokatika) ililia mara tatu ikazima, na kurasa nne za kazi ya masomo ya kijana wangu zikapotea. Fundi anasema ninunue betri nyingine, ilhali hii haijamaliza hata miaka miwili. Je, betri huzeeka upesi hivyo?

Mjomba, Kampemba: Pole, mdogo wangu. Betri hizo za madini ya risasi za volti 12 kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, lakini ni zile zinazokaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 muda wote, umri wake hupungua karibu nusu. Yako umeiweka wapi?

Mama Mdogo, Katuba: Chini ya meza, kwenye ukuta wa jikoni, na nimeifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe ili isiingie vumbi.

Yaya, Ruashi: Mama mdogo, kitambaa hicho tunakipenda sote, ila kimeziba matundu ya hewa. Na upande wa pili wa ukuta huo si ndipo mbabula, jiko la makaa, inapowaka kutwa nzima?

Mama Mdogo, Katuba: Ndipo hapo.

Mjomba, Kampemba: Basi ihamishe leo hii. Jambo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: umeme ukikatika, kijana huendelea kuandika mpaka ondulere ijizime yenyewe?

Mama Mdogo, Katuba: Huendelea, na sisi wengine huchomeka simu zetu humo humo.

Mjomba, Kampemba: Hapo ndipo inapouawa. Betri ya risasi ikikamuliwa hadi tone la mwisho, kisha ikakaa siku mbili bila chaji kwa sababu umeme haujarudi, salfeti, aina ya chumvi ngumu, hugandamana kwenye bamba zake na sehemu ya uwezo wake haiwezi kurudi tena. Ondulere ni ya kumpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta, si ya kumalizia sura nzima. Akishazima kompyuta, abonyeze pia kitufe cha ondulere, kwa maana ikiachwa inalia huendelea kula betri bure.

Yaya, Ruashi: Na printa ya leza isichomekwe humo kabisa, kwani inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Mama Mdogo, Katuba: Nimesikia. Sasa betri ninunue au nisinunue?

Mjomba, Kampemba: Iache ichaji usiku kucha, kesho uchomeke taa moja ya wati 40 badala ya kompyuta, uchomoe ondulere ukutani, uhesabu dakika itakazowaka; zikiwa chache tu, betri imechoka. Ukilazimika kununua, betri iwe na volti na ampea-saa (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) zilezile, na utazame tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa imekwisha kuanza kuzeeka.

Mama Mdogo, Katuba (kesho yake): Dakika tatu. Kitambaa nimekihamishia kwenye redio.