Loaded, FHM na Nuts: utani wa vijana tu?

Mwanzisha mada:
Wadau, Waingereza siku hizi wanayakumbuka kwa mapenzi majarida ya wanaume ya miaka ya 1990. Loaded lilianza 1994 likichanganya mpira, bia, muziki na wanawake waliovaa nusu. Watetezi wanasema ulikuwa mzaha wa zama za bendi za Oasis na Blur, basi.

Mimi nakataa. Majarida ya ngono yenyewe, kama Mayfair au Men Only la Paul Raymond, yalikaa rafu ya juu dukani. Mnunuzi alijua anachofuata na mtoto hakufikia. Hawa wapya walikishusha kitu kilekile, wakakivika chupi, wakakiweka jirani na magazeti ya mpira. Mwaka 1999 FHM, jarida jingine la kundi hilo, walimulika picha ya utupu ya Gail Porter, mtangazaji wa vipindi vya watoto, kwenye kuta za Bunge la London. Mwenyewe amesema hakuambiwa. Nchi ikacheka. Huo utani ulikuwa wa nani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeanza hadithi katikati. The Sun lilikuwa linaweka matiti wazi ukurasa wa 3 tangu 1970, na hilo ni gazeti la baba, mama na watoto nyumbani. Clare Short alipopeleka muswada wa kupinga picha hizo mwaka 1986, wabunge wenzake walimzomea. Loaded lilikuta mlango uko wazi.

Mchangiaji wa pili:
Na wanawake wenyewe mbona hamuwaulizi? Mwanamitindo Katie Price alianzia hukohuko kwa jina la Jordan, akauza vitabu na manukato kwa jina lake. Nani alimlazimisha?

Mwanzisha mada:
Huyo ni mmoja aliyetoka na jina. Na Porter naye alikubali kupigwa picha. Kutundikwa Bungeni ndiko hakukubali. Ridhaa ya kitu kimoja si ya vyote.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo sawa. Ila msiwape wanaharakati sifa yote. Ni kweli mwaka 2013 maduka ya Co-op yalitaka majarida haya yafungwe kwenye mifuko ya kuficha jalada, na Nuts wakagoma. Lakini wasomaji walishahamia intaneti. Nuts likafa 2014, na mwishoni mwa 2015 FHM na Zoo nayo yakatangaza kusimama. Picha zenyewe hazikufa, zilihamia kwenye simu ya kijana wa miaka kumi na mitatu, na huko hakuna muuza duka wa kumwambia arudishe.