Mtu kachokonoa men jeti kwa waya wa klachi, halafu ananiambia "tundu ni tundu"

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye bisibisi moja kwa kila kazi, kuanzia kabureta mpaka jino bovu. Leo kaishika men jeti ya pikipiki yangu ya tustroki (kile kishaba chenye tundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta), kaimulika kwenye mwanga kama daktari wa macho, akachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi, akasugua ndani. Waya wa klachi! Na kicheko juu: "Tundu ni tundu, bwana."

Tundu si tundu! Jeti ya Keihin, watengeneza kabureta, ya 170 ina tundu la milimita 1.70. Inayofuata ni 172. Tofauti yake ni sehemu mbili za mia za milimita, na kiwanda kimehangaika kuzitenganisha. Jeti ni shaba laini, waya ni chuma. Ukisugua mara tatu, juu bado imeandikwa 170 lakini ndani hajui mtu ni ngapi. Kuanzia hapo kila utakachopima ni ramli.

Pikipiki ikaanza kugugumia resi ikiwa mwisho, moshi kama tanuri la mkaa. Dawa yake? Kafungua skrubu ya hewa mizunguko mitatu. Skrubu ya hewa inatawala mpaka robo ya resi, basi. Kule mwisho anatawala men jeti, ile ile aliyoichokonoa. KWA WAYA WA KLACHI.

Sindano nayo, ile ya kabureta inayopimia mafuta resi ikiwa katikati, kaipandisha klipu "ipate mafuta zaidi". Klipu ikipanda, sindano inashuka, mafuta yanapungua. Sasa resi ya katikati imekauka (petroli chache), ya mwisho inazama (petroli nyingi). Tundu ni tundu!

Plagi_Nyeusi: Pole mkuu. Ila bisibisi alipewa na nani? 😂

Kiki_Ya_Saba: Mleta uzi ana hasira kuliko injini. Jeti ikiziba unailoweka kwenye dawa ya kabureta, unapuliza kwa hewa, unaangalia mwanga. Isipozibuka, mpya. Jeti haijawahi kuwa ghali kuliko pistoni.

Moshi_Bluu: Huyo huyo ndiye anayeongeza oili "injini ipoe". Tustroki oili inachanganywa na petroli: 32 kwa 1 ni mililita 156 kwenye lita 5 za petroli. Yeye anamimina 250, hiyo ni 20 kwa 1, na jeti haigusi. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye tundu lile lile inapungua, mchanganyiko unakauka. Halafu anashangaa pistoni imekwaruzika upande wa eksozi.

Plagi_Nyeusi: @Moshi_Bluu 32 yenyewe nyingi, mimi 40 na inaenda.

Moshi_Bluu: Inaenda wapi?

Mzee_wa_Sili: Nyote mnapiga kelele za jeti, sili ya kranki, mpira unaozuia hewa isiingie kwenye injini, imekufa. Resi ikipanda yenyewe na ikachelewa kushuka, usiguse jeti kwanza. Puliza dawa ya kabureta kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, kisha upande wa sumaku ya umeme. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Ikiwa ni sili ya upande wa klachi utaona moshi mweupe na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Jeti zote duniani hazizibi sili.

Kiki_Ya_Saba: Na wasoma plagi je? Mtu katembea polepole kilomita mbili, kafungua plagi: "Nyeusi, punguza men jeti!" Hiyo ni rangi ya slo jeti, ile ya resi ndogo. Men jeti weka plagi mpya, fungua resi yote kwenye gia ya juu, kisha shika klachi na zima injini papo hapo. Angalia pete ya chini kabisa ya kaure, siyo ncha.

*(mleta uzi)*: Wakuu, tunarudi kwenye waya?

Plagi_Nyeusi: Waya gani?

*(mleta uzi)*: WA KLACHI! Kwenye JETI!

Mzee_wa_Sili: Kijana, pima na kimo cha floti, boya la ndani ya bakuli la kabureta. Petroli ikisimama juu mno kwenye bakuli, mafuta yanazidi kila mahali na utalaumu waya bure.

Moshi_Bluu: Nimeona mtu kapaka filta ya hewa grisi. Grisi!

Kiki_Ya_Saba: 😂😂 Fungua uzi wako.

Plagi_Nyeusi: Kuna mwenye gasketi ya bakuli la floti la kabureta ya Keihin PWK 38? Yangu imevimba haiingii tena kwenye mfereji wake.