Tuongeze mtoto kwa sababu posho imepanda?

Baba wa Mmoja: Wakuu, naombeni ushauri. Tuna binti wa miaka mitatu. Serikali imetangaza posho ya uzazi na likizo ndefu kwa watakaojifungua kuanzia mwakani. Mama mkwe kashapata hoja: "Sasa mnasubiri nini?" Mke wangu kanyamaza. Begi la nguo za kichanga liko juu ya kabati, haligawi wala halifungui. Hivi hizi sera kweli zinafanya watu wazae?

Kikokotoo: Mkuu, mara nyingi zinasogeza tarehe kuliko kuongeza idadi. Australia ilitangaza kwamba kila mtoto atakayezaliwa kuanzia Julai 1, 2004 analipiwa dola 3,000. Wanauchumi walipochambua takwimu za vizazi wakakuta watoto zaidi ya 1,000 "wamesogezwa" wavuke Juni, wengi kwa kubadilisha tarehe za upasuaji na za kuanzishiwa uchungu! Sweden nayo, miaka ya 1980, ilimlindia malipo ya likizo yasishuke mama aliyezaa tena upesi. Watu wakabananisha watoto. Uzazi ukafika watoto 2.1 kwa kila mwanamke mwaka 1990, kisha ukaporomoka hadi 1.5 mwaka 1999. Uchumi nao ulikuwa umeyumba, tuwe wakweli.

Mzee wa Zamu: Chukua hela baba, maneno ya nini.

Sina Usingizi: Mzee wa Zamu, posho haibadilishi nepi saa tisa usiku. Korea Kusini wamemwaga fedha miaka na miaka, na 2023 walikuwa na watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Saa za kazi ndefu, nyumba ghali, masomo ya ziada ghali, na kazi za nyumbani kaachiwa mwanamke. Kaka, umetuletea serikali na mama mkwe. Mkeo umemuuliza? Huyo wa kwanza, nani alikuwa anaamka?

Baba wa Mmoja: Yeye. Mimi nilikuwa nawahi kazini.

Sina Usingizi: Na yeye alikuwa anawahi wapi? Soma tangazo tena. Kama kuna miezi ya baba ambayo haihamishiki kwa mama, mwambie utaichukua yote, halafu usikilize.

Baba wa Mmoja: Mrejesho. Kasema begi lisiguswe kwanza. Nimlaze huyu aliyepo mwezi mzima, peke yangu, ndipo tuongee. Leo siku ya pili. Saa sita hii, bado anadai hadithi ya nne.