Fensi ya kununua haiingii kwenye meza ya bendiso yangu. Nitoboe meza au reli?

MabakiYaMninga (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina karakana ndogo hapa Moshi. Milango na makabati ndivyo vinavyolipa kodi ya pango, ila roho yangu iko kwenye trei na visanduku vya mninga. Vipande vinavyobaki kwenye fremu za milango vilikuwa vinaenda kwa mama ntilie jirani kuwa kuni, na kwa bei ya mninga ya sasa, kuivishia maharage inauma. Ndipo nikanunua bendiso (msumeno wa mkanda) ya mtumba, ya inchi 14, niwe navipasua viwe vibao vya mm 6. Mashine ni nzima, meza ni chuma cha kusubu, mota inazunguka kimya. Ilichokosa ni fensi, ule ukuta wa kuegemezea ubao unapoupasua. Mpaka leo nabana ubao ulionyooka mezani kwa klampu mbili, na kila nikibadili upana naanza kupima upya mbele na nyuma.

Shemeji kaja likizo kutoka Marekani, kaniletea fensi ya kujifungia mwenyewe: reli ya aluminiamu inayokaa mbele ya meza, fensi yenye mkono wa kubania, na pakiti ya bolti. Nikajua ni kazi ya spana na chai moja. Wapi!

Ukingo wa mbele wa meza una matundu mawili yenye tredi, sm 20 katikati kwa katikati. Matundu ya reli yamekaribiana zaidi, hakuna linalolingana. Halafu bolti zilizokuja na fensi zinaingia kwenye tundu la meza mizunguko miwili hivi, kisha zinagoma. Sijalazimisha.

Jambo jingine, ule mpasuo wa meza wa kupitishia bledi ukiibadilisha, kwangu uko mbele. Reli ikikaa pale inauziba.

Na hili ndilo linaninyima usingizi: hata kwa huu ubao wa klampu, bledi inavuta. Ubao nauweka kulia kwa bledi, bledi inakimbilia kushoto, kibao kinaanza na mm 6 kinaisha na 8. Fensi mpya itatibu hilo, au nitakuwa nimefunga urembo tu? Vifaa nilivyonavyo ni drili ya mkono, grenda na tupa. Drili ya kusimama sina.

Kazi_Mtaa

Mkuu, toboa meza, ni chuma tu hakilii. Nyie wa huko kaskazini kila kitu mnaitisha kikao.

MzeeRanda (Tanga)

Kijana wa Moshi, huyo wa juu mwache na meza yake. Ya kwako usiiguse mpaka njia nyingine zote zimekwisha.

Tuanze na bolti. Kwa maelezo yako, tundu la meza ni M8, na bolti uliyoletewa ni ya inchi, 5/16. Ukiziweka kiganjani huwezi kuzitofautisha: moja ina unene wa mm 8, nyingine mm 7.94. Kinachogombana ni tredi. M8 ya kawaida inasogea mm 1.25 kila mzunguko. Ile 5/16 inayotumika zaidi ina tredi 18 kwa inchi, yaani kama mm 1.41. Mizunguko miwili zinavumiliana, wa tatu zinakabana. Hukulazimisha, hongera, maana chuma cha kusubu hakipindi, kinamegeka, na tredi ikimegeka pale ndiyo basi. Nenda dukani na shilingi zako chache, chukua bolti moja ya M8, iingize kwa vidole. Ikizama yote bila spana, jibu unalo.

Meza haitobolewi kwa drili ya mkono. Tapu ya M8, ile ya kuchongea tredi ndani ya tundu, inataka biti ya mm 6.8, na chuma cha kusubu kinatobolewa kikavu, bila oili, kwa sababu kinatoa unga. Unga ukikutana na oili ni tope linalokaba tapu. Hayo unayaweza. Usichokiweza ni kushika drili ya mkono ikae mraba na ukingo wa meza. Tundu litalala, bolti italala, na reli ukiikaza itafuata bolti ijipinde. Reli ndiyo ya kutoboa. Aluminiamu ni laini, na ukiiharibu unatafuta nyingine. Meza ya mashine ile hupati Tanga wala Moshi.

Matundu mapya ya reli yape nafasi ya kucheza juu na chini kama mm 2. Kimo cha reli ndicho kinachoamua fensi inaelea kiasi gani juu ya meza. Ikilalia meza itakwaruza na kukwama. Ikiachia zaidi ya mm 1, vibao vyako vyembamba vitajipenyeza chini yake na utatukana watu. Vilevile reli isipande mpaka ikaziba ule mfereji wa mezani unaoteleza geji ya pembe (ya kukatia mraba), geji lazima ipite juu ya reli. Na kabla ya kukaza moja kwa moja, inamisha meza mpaka digrii 45 uone reli haigongi fremu.

Sasa kuvuta. Fensi haina dawa ya hilo, na ubao wako wa klampu hauna hatia.

Chomoa plagi ukutani. Usizime swichi tu, chomoa. Fungua mlango wa juu, zungusha gurudumu kwa mkono utazame bledi imekaa wapi juu ya mpira unaozunguka gurudumu. Kati ya jino na jino kuna kishimo. Sehemu ya ndani kabisa ya kile kishimo iwe juu ya katikati ya gurudumu. Mpira una mgongo katikati, kwa hiyo bledi iliyokaa mbele au nyuma ya mgongo inainama, na meno yanaangalia upande. Nyuma ya gurudumu la juu kuna skrubu ya kuliinamisha. Igeuze kidogo, zungusha gurudumu mara kadhaa, tazama, geuza tena. Bledi iwe imekazwa sawasawa kabla ya kuanza, maana ukikaza baadaye itahama.

Halafu gaidi za pembeni, zile zinazoshika bledi isiyumbe. Zirudishe nyuma ya meno, zisiyaguse, na kila upande paache unene wa karatasi. Beringi ya nyuma isizunguke mashine ikiwa tupu, izunguke pale tu unaposukuma mbao. Yote hayo yakitimia ndipo ufunge fensi sambamba na mfereji wa mezani. Narudia: na mfereji. Watu wanapima kutoka kwenye bledi, kitu chenye upana wa nusu inchi, wakidhani wamepata mstari.

Swali kwako: hiyo bledi imeshakutana na msumari? Mabaki ya milango nayajua. Bledi iliyogusa msumari kwa upande mmoja inapoteza makali upande huo, na itavuta kwenda kwenye upande ulio mkali hata ufanyeje. Kwa kupasua weka ya nusu inchi, meno 3 au 4 kwa inchi. Mimi nimepasua sana mtiki wa shamba la Longuza, na mtiki unakula makali kama msasa, kwa hiyo najua ninachosema: nusu ya malalamiko ya fensi ni bledi butu. Mashine nyingi za 14 zinavaa bledi ya urefu wa inchi 93 na nusu, sawa na mm 2375, ila pima yako kwanza, kwa sababu zilizoongezewa kimo zinavaa 105.

Fundi_Likoni (Mombasa)

Mzee, heshima yako ipo palepale, lakini mimi kila bledi naijua kwa tabia yake na siendi kubishana nayo. Nachukua ubao ulionyooka ukingo, napiga mstari wa penseli sambamba na ukingo huo, nakata bila fensi nikifuata mstari mpaka nusu ya ubao. Nazima mashine, ubao sijaunyanyua, nachora pembe ya ukingo wake juu ya meza. Fensi naifunga kwa pembe hiyo. Fensi hizi za kununua nyingi zina bolti za kulegeza ili uigeuze kidogo. Muda wa kumwaga chai kikombeni. Mvule na mbambakofi nimepasua hivyo na wateja hawajarudisha kitu.

MzeeRanda (Tanga)

Fundi wa Likoni, njia yako inakata, sikatai. Ila ukibadili bledi unaanza tena. Na fensi ikishalala pembe, ukienda kutumia geji ya mfereji hivyo viwili havisemi lugha moja. Anayepasua mbao tu kutwa nzima, sawa. Huyu anatengeneza visanduku, atapasua na atakata mraba kwenye meza hiyohiyo. Ajaribu gurudumu kwanza. Akiwa na bledi mpya, gurudumu limepangwa, na bado inavuta, hapo namkabidhi kwako.

binti_chuma (Dar)

Shikamoo Mzee Randa. Wengine salaam.

Kaka wa Moshi, mimi ni wa vyuma, mbao nazijua kwa kukalia. Lakini naona mnagombania vitobo vya reli wakati kuna njia ya tatu, na inamaliza na ule mpasuo wa mbele.

Tafuta flati baa (chuma bapa) ya unene wa mm 8, upana ukingo wa meza unavyoruhusu, urefu sawa na reli. Mpelekee fundi mwenye drili ya kusimama, hapo Moshi hawakosekani. Atoboe matundu mawili kwa umbali wa matundu ya meza, sm 20 zako, na ayapanue mdomo yapokee bolti za M8 zenye kichwa cha kuzama, zile za alenki namba 5. Nimesema mm 8 kwa sababu ukichukua ya 6, kichwa kikishazama chuma kinachobaki chini yake ni kidogo mno. Halafu kwenye flati baa hiyohiyo apige tapu za M6, biti ya mm 5, kwa umbali wa matundu ya reli yalivyotoka kiwandani. Reli haichongwi. Matundu yake yametengenezwa kwa bolti nene, wewe unaweka M6 na washa pana, tayari una karibu mm 2 za kuchezea juu na chini alizotaka Mzee.

Faida kubwa ni hii. Kichwa cha kuzama kinajiweka katikati ya tundu kila unapokikaza. Kwa hiyo siku ya kubadili bledi unafungua bolti mbili tu, flati baa na reli vinatoka pamoja kama kitu kimoja, na ukirudisha vinakaa palepale. Kwenye reli toboa matundu mawili ya kupitisha alenki tu, ndiyo kazi pekee ya drili yako ya mkono.

Angalizo: flati baa ya dukani haijanyooka, hata muuzaji akikuapia. Ilaze juu ya meza ya bendiso yenyewe uangalie mwanga chini yake. Na fensi itasogea mbele kwa mm 8, uhakikishe mkono wa nyuma, kama yako inao, bado unafika.

MzeeRanda (Tanga)

Marahaba binti. Hapo kwenye kichwa cha kuzama umenifunga mdomo. Kijana, fanya hivyo.

MabakiYaMninga (Moshi)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Bolti ya M8 ilizama kwa vidole mpaka mwisho. Flati baa nilirudisha mbili dukani kabla ya kupata iliyonyooka, muuzaji sasa akiniona anajifanya anaongea na simu. Fundi wa leith katoboa na kupiga tapu, kazi safi. Bledi ikitaka kubadilishwa, alenki tu, reli nzima mkononi.

Gurudumu la juu: bledi ilikuwa imekaa mbele kabisa, meno karibu yananing'inia nje ya mpira. Nimeipanga alivyosema Mzee, nimeweka bledi mpya ya nusu inchi meno 3, fensi sambamba na mfereji. Kibao cha kwanza kimeanza 6 kimeisha 6 na kidogo, kinatoka kwa msasa. Fundi wa Likoni, njia yako sijaihitaji bado, ila nimeiandika ukutani.

Limebaki moja. Nikisimamisha skwea mezani, uso wa fensi unaachana nayo juu, mwanga unapita. Kwa kipande kifupi haionekani. Nikisimamisha cha sm 12 kukipasua, kibao kinatoka kinene juu, chembamba chini.

Fundi_Likoni (Mombasa)

Bolti za chini ya fensi hizo. Legeza uangalie kama kuna takataka ya aluminiamu imebanwa ndani kabla hujafanya lolote.

MzeeRanda (Tanga)

Afanye alivyosema Fundi. Kama ni pasafi na bado inaegemea, kata kipande cha kopo la soda, kiingize kati ya fensi na kichwa chake kinachobana reli, upande unaotaka uinuke, kaza, pima. Bati la kopo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, unaongeza moja moja. Skwea uiweke karibu na bledi, kule ncha za fensi zisikushughulishe. Na kabla ya yote hakikisha meza yenyewe iko mraba na bledi, isije ikawa unasawazisha fensi kwa meza iliyoinama.

Kwa vipande vya sm 12 funga ubao wa plaiwudi ya marini kwenye uso wa fensi, uende juu kama sm 10. Usiuache uwe mrefu mpaka nyuma ya meza. Uishie kidogo tu baada ya bledi. Mninga uliokaa kwenye fremu una mambo yake ndani, ukiupasua unafunguka, na ukikutana na fensi ndefu unabanwa kati ya fensi na bledi. Ukimaliza vipande virefu uvue huo ubao, kwa sababu ukiwa juu gaidi ya juu haishuki, na kwa kibao kifupi gaidi inatakiwa iwe juu yake kidogo tu, si sm 10 hewani. Sm mbili za mwisho sukuma kwa kijiti. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua.