Naomba ushauri: sarafu ya shaba ya Wasogdia imeanza kutoa unga wa kijani

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nilinunua mnadani sarafu moja ya shaba ya Samarkand, mji wa Wasogdia (watu wa kale wa Asia ya Kati), karne ya 7 au ya 8. Si ya kugongwa kwa nyundo, ni ya kumiminwa kwenye kalibu, na ina tundu la mraba katikati, mtindo ambao Wasogdia waliuchukua kwa Wachina baada ya nasaba ya kifalme ya Tang kuanza kutoa sarafu zao mpya mwaka 621. Upande mmoja una alama mbili za ukoo, mojawapo inafanana na herufi Y. Upande wa pili maandishi yamezunguka tundu, lakini nusu yamelika.

Shida yangu ni hii. Pembeni mwa tundu kumetokea vidoa vya kijani mpauko, nikigusa na kijiti vinabaki unga. Aliyeniuzia ananiambia niiloweke kwenye siki. Moyo unakataa, maana hayo maandishi ndiyo yanayotaja jina la mfalme, na yakifutika sitajua kamwe kama ni ya Varkhuman, Tarkhun au Ghurak. Kwangu hilo jina ni kubwa kuliko bei niliyolipa.

Kwa sasa nimeitenga na nyingine, ndani ya kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu. Je, inatosha? Na kuna mwenye uzoefu wa kusoma Kisogdia kwenye sarafu, nianzie herufi gani? Nipo tayari kuweka picha.